Mwalimu, Hii Gari Gani?

Nilikwenda yadi kutafuta kitasa cha mlango. Mjomba wangu ana Peugeot 404 iliyokaa juu ya mawe uani kwake tangu sijamaliza chuo, na kila Idi watoto wanapojazana humo kucheza safari, mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka wenyewe na mmoja wao hudondoka. "Mpwa wangu," aliniambia, "wewe Jumamosi hufundishi. Nitafutie kitasa kabla hatujavunja mtoto wa watu."

Yadi yenyewe iko nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa barabara ya Muheza. Getini kuna mizani, na mizani ndiyo yenye kauli ya mwisho pale. Chuma hurundikwa huku, alumini kule, shaba hufungiwa stoo pamoja na betri. Gari likishapita geti halina tena jina wala mwaka, lina kilo. Vijana hulichinja kwa gesi, vipande vinapakiwa kwenye fuso, basi. Mwenye yadi tunamwita Tajiri, jina ambalo hulikataa kwa nguvu, hasa tarehe za mwisho wa mwezi.

Siku ile ya kwanza sikupata kitasa. Niliokota kipande cha lenzi ya taa, kikubwa kama kiganja, nikakifuta kwenye suruali. Nikasema, zaidi kujiambia mwenyewe, "Hii imetoka kwenye gari la Kifaransa." Tajiri alikuwa nyuma yangu. Akataka kujua nimejuaje, na mimi nikamwonyesha maandishi madogo yaliyoumbwa ndani ya kioo: Marchal. Akakitazama kile kipande kana kwamba kimemsalimia. Akanishika mkono akanipeleka mwisho wa yadi, kwenye majani marefu, ambako kulikuwa na safu ya mizoga aliyoikuta pale aliponunua eneo na hakuwahi kuichinja kwa sababu ilikuwa mbali na mizani.

"Mwalimu, hii gari gani?"

Swali hilo nimeulizwa kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima.

Watu hudhani gari la zamani hutambuliwa kwa nembo. Nembo ndiyo ya kwanza kuibwa. Inang'aa, inatoka kwa bisibisi, na inaenda kubandikwa kwenye gari lingine ambalo silo lake. Nimeona nembo ya Mercedes kwenye Datsun 120Y, na mwenye nayo hakuona aibu. Kadi ya gari nayo haifiki yadi. Kinachobaki ni vitu ambavyo hakuna mwizi aliyeona faida yake: lenzi iliyopasuka, kioo chenye ufa, bolti iliyoshika kutu. Kwenye lenzi ukiona Lucas, anza kufikiria Uingereza. Hella au Bosch, Ujerumani. Cibié na Marchal, Ufaransa. Koito na Stanley, Japani. Kwenye pembe ya kioo cha dirisha, Triplex mara nyingi ni Mwingereza. Geji ya mwendo ikiwa imeandikwa Smiths ni hukohuko, ikiwa VDO rudi Ujerumani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha peke yake, maana taa hubadilishwa, lakini vitatu vikisema lugha moja unaweza kuanza kuamini.

Hayo nilikuwa nayo tayari kichwani, kwa uzembe wa ujana na magazeti ya zamani ya magari aliyokuwa nayo mjomba. Ambalo sikuwa nalo nilifundishwa na Babu.

Babu si babu yangu. Ni fundi mzee aliyetumikia karakana za mashamba ya mkonge, na sasa Tajiri amempa benchi chini ya mwembe atengeneze mikokoteni. Nilimkuta Jumamosi ya pili, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye tupa yake. Aliponisikia nikimhubiria Tajiri habari za lenzi, akacheka. "Mwanangu, taa inasema uongo. Spana haisemi uongo."

Akachukua spana ya 13 akaivisha kwenye nati ya bampa moja. Ikaingia, lakini ikawa inacheza kidogo, kama kiatu cha kuazima. Akaitoa, akatia ya nusu inchi, ikakaa kimya. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo ile 13 itakudanganya kwenye nati laini na itakuachia uchungu kwenye nati ngumu. Nati za milimita ni Mjerumani, Mfaransa, Mjapani. Za inchi ni Mwingereza au Mmarekani. Na kama hata spana za inchi za kawaida hazikai, Babu huenda kwenye sanduku lake la mbao kutoa spana za Whitworth, ambazo kipimo chake kinahesabiwa kwa unene wa bolti na si kwa upana wa kichwa. Hapo umeingia kwa wazee: Waingereza wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950. Babu huzishika spana hizo kama mtu anayeshika mawani ya marehemu baba yake. Hakopeshi.

Nilihitaji somo hilo upesi kuliko nilivyodhani. Katika ile safu kulikuwa na sedani imelala ubavu, imebaki nusu ya nyuma tu, ina yale mapezi mawili yaliyosimama juu ya taa za nyuma. Nilifurahi kwa sauti. Mapezi yale ninayajua toka utoto, nimeyapanda na nimepigwa kwa kuyapanda. Nikamwambia Tajiri hii ni 404, ndugu kabisa na ya mjomba, na kitasa changu kimepatikana. Vijana wawili wakaanza kuisukuma ili tuufikie mlango.

Babu akaja na fimbo yake, akagonga rimu. "Hesabu stadi."

Nne.

Stadi ni zile bolti zinazolishika gurudumu, na la 404 linashikwa na tatu. Nimelifungua mara ngapi sijui, nikiwa mtoto, nikiwa kijana, na siku ile macho yangu yaliona mapezi yakaacha kuhesabu. Mbele yetu kulikuwa na Morris Oxford, au Austin Cambridge, ambazo ni gari lilelile lenye majina mawili: Austin na Morris waliunganishwa kuwa kampuni moja mwaka 1952, wakaendelea kuuza bodi moja kwa nembo tofauti ili mawakala wa kila upande wasinune. Na kufanana na Peugeot si bahati mbaya. Nyumba ya Pininfarina ya Turin ndiyo iliyowachorea Waingereza hawa sura ile iliyotoka mwaka 1959, na ndiyo iliyowachorea Wafaransa 404 iliyotoka mwaka 1960. Fundi cherehani mmoja, vitambaa viwili. Ukiiona 404 nzima huwezi kukosea, kwa sababu injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45 na gia iko kwenye usukani, na kwenye bampa la mbele kuna tundu la kuingizia hendeli ya kuwashia. Lakini ukipewa nusu ya nyuma tu, imelala kwenye majani, una mapezi na stadi. Stadi ndizo zenye akili.

Kuhusu 404, niseme jambo moja halafu tuendelee. Sijawahi kuoneshwa 404 katika mkoa huu ambayo mwenyewe hakuniambia kwamba "ilikimbia Safari". Najua chanzo chake. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967, mara zote na Chris Rothwell pembeni, mara zote katika 404. Nick Nowicki alikwishashinda nayo 1963, akarudia 1968. Baada ya hapo kila mwenye Pijo akawa dereva wa rally. Ya mjomba nayo, kwa mujibu wa mjomba, "ilisaidia". Sijawahi kumuuliza ilisaidia nini.

Sasa Kobe.

Volkswagen ile ya mviringo huku kwetu wengine huiita kobe, wengine mgongo wa chura. Ya Tajiri ilikuwa mwisho kabisa wa safu, imefunikwa na mtambaa mpaka kwenye paa, na ndani yake kuku wa mlinzi wanataga. Tulipokata majani upande wa nyuma nilisimama. Tundu la kioo cha nyuma lilikuwa na umbo la yai.

Kwa asiyefuatilia: Kobe wa mwanzo walikuwa na kioo cha nyuma cha vipande viwili, chenye mwamba katikati. Machi 1953 mwamba ukaondolewa kikawa kimoja, cha yai. Katikati ya 1957 yai likaondoka, kikaja kioo kipana cha pembe nne, na toka hapo kiliendelea kukua tu. Yai liliishi miaka minne na kidogo. Ndiyo maana watu hulipenda.

Nikataka ushahidi wa pili. Kobe wa siku hizo hawakuwa na taa za indiketa. Walikuwa na kimkono kinachochomoza kutoka kwenye nguzo kati ya mlango na dirisha la nyuma, kama mtu anayeonyesha njia kwa kiwiko. Vimkono viliachwa mwaka 1960. Kwenye nguzo ya gari lile hapakuonekana tundu. Nikapitisha ukucha taratibu kutoka juu kwenda chini kwenye rangi, na karibu na usawa wa bega ukucha ukazama, unywele tu, ukateleza, ukazama tena kiasi cha shubiri moja chini yake. Nikagonga: juu na chini chuma kinalia, katikati pamenyamaza. Puti. Kuna fundi aliziba tundu la kimkono, akapiga msasa vizuri sana, akapaka rangi ya bluu, halafu mwingine akapaka nyeupe. Nilikwangua kwa sarafu. Chini ya puti ilikuwapo rangi ya kwanza kabisa, kijani iliyofifia kama jani la mpera.

Nilimwambia Tajiri: hii ni ya kati ya 1953 na 1957. Nilisema, Mungu anisamehe, "Ulaya hii ni hela."

Tajiri akaweka kamba kuizunguka. Akamwambia mlinzi ahamishe kuku.

Juma lililofuata nilirudi na brashi ya waya, mafuta ya taa na chaki, nikaenda kutafuta namba ya chesisi. Kwa Kobe hupigwa juu ya lile tuta la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Kiti hakikuwapo. Kulikuwa na udongo, majani, maganda ya mayai, na mfupa ambao sikuutafakari. Nikasafisha, nikasugua chaki mpaka ikazama kwenye mikwaruzo, nikafuta juu kwa kiganja na kumulika tochi kwa upande, kwa sababu ukimulika kwa juu huoni kitu. Tarakimu zikatokea moja moja, nyeupe: 117, na nyingine sita.

Nikakaa juu ya ule udongo.

Kuanzia Agosti 1964 Volkswagen walianza kuandika namba ya tarakimu tisa ambamo 11 ni Kobe wa kawaida na tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli. 115 ni 1965, 116 ni 1966. 117 ni gari lililotoka kiwandani kati ya Agosti 1966 na Julai 1967, miaka tisa kamili baada ya yai la mwisho. Babu akaingia chini ya bampa la mbele kwa kulala chali, kwa umri wake, akatoka na kunithibitishia: ekseli ya boljointi, ambayo magurudumu yake hugeukia kwenye viungo vya mviringo. Kobe wa yai alikuwa na kingpini, yaani pini za kusimama. Injini nayo ilikuwa imebaki, na namba yake iliyo chini ya kiti cha dainamo ilianza na D, yaani 1200 ya nguvu farasi 34. Haikuwa ya bodi, na sina hakika kama ilikuwa ya sakafu.

Ilivyokuwa ni rahisi kueleza. Bodi ya Kobe imeshikwa kwenye sakafu yake kwa bolti za kuzunguka ukingo. Ukizifungua zote, wanaume sita wanaweza kuinyanyua kama chungu kutoka jikoni. Mtu mmoja hapa Tanga, zamani, alikuwa na gari la 1955 lililooza chini na gari la 1967 lililobondeka juu. Akafanya alichotakiwa kufanya. Akaendesha pengine miaka ishirini. Babu hakuona ajabu. Niliponung'unika kwamba gari limechakachuliwa, alinitazama kama nimetukana. "Limechakachuliwa nini? Limetengenezwa."

Hata hivyo jina lilikuwa limeshatoka mdomoni mwangu. Nilituma picha na namba kwa mtu wa Nairobi anayekusanya Volkswagen, naye alijibu kwa heshima zote: namba haziendani na bodi, hataki. Nilimweleza Tajiri. Alinisikiliza, akasema wanunuzi wazuri hujifanya hawataki.

Ndipo alipokuja mzee mmoja wa Ngamiani, mshonaji mstaafu, ambaye Volkswagen yake ya 1968 bado ilikuwa inampeleka msikitini na sokoni mpaka ekseli ya mbele ilipopasuka. Alikuwa ameshazunguka Tanga nzima. Ile ya boljointi, chini ya bodi ya yai, ndiyo aliyoitaka, na alikuja na mtoto wake na jeki na fedha mkononi. Tajiri akakataa. "Hii haichinjwi, mzee wangu. Hii ni ya makumbusho. Muulize mwalimu." Nikaulizwa. Nikababaika. Nilisema yote niliyokuwa nayo kuhusu 117 na kingpini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo Tajiri alivyozidi kuamini kwamba kitu chenye maelezo marefu namna ile lazima kina thamani. Mzee wa watu akaondoka na jeki yake.

Masika yakaja. Kuku hawakurudi, kamba ikakatika, na kwa kuwa tulikuwa tumekata ule mtambaa uliokuwa umefunika paa, maji yakaingia moja kwa moja. Nilipochungulia mwezi wa sita, sakafu upande wa dereva ilikuwa imeachia. Ukitia mguu unakanyaga ardhi. Ekseli ya mbele bado ilikuwa nzima, imekaa pale haimsaidii mtu.

Nafikiri mizani ingelitendea gari lile haki kuliko mimi. Kama ningenyamaza, mzee angepata ekseli yake, kuku wangekuwa na nyumba, na bodi ingekaa chini ya mtambaa miaka mingine kumi.

Mwezi wa nane ikaingia Land Rover, au tuseme ikaingia chesisi ya Land Rover na ekseli zake mbili. Bodi ilikuwa imeshatangulia. Bodi za Land Rover ni alumini; baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, na Rover walipoonyesha gari lao Amsterdam mwaka 1948 lilikuwa limevaa aloi ya alumini kuanzia madigadi mpaka mlango wa nyuma. Sumaku haishiki. Kwa yadi hiyo ni habari njema sana, kwa sababu alumini ina bei yake na ina wateja wake hapahapa, mafundi wa kusubu. Bila shaka kuna wali unapikwa Tanga leo ndani ya boneti ile.

Tajiri hakuwapo. Nilichomoa futi kamba, nikapima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele hadi katikati ya kile cha nyuma. Nikapima upande wa pili. Nikarudia. Sentimita 272.

Land Rover ndefu ambazo kila mtu anazijua huku, zile zilizozunguka mashamba ya mkonge na hospitali za misheni, ni 109, kwa inchi, yaani sentimita 277. Kabla yake ilikuwapo 107. Zile inchi mbili ziliongezwa mbele ili injini ya dizeli ipate nafasi. Kwa hiyo 272 ni Series I, toleo la kwanza la Land Rover, ya miaka ya katikati ya 1950, na Series I ni ile ambayo watu hupanda ndege kuifuata. Nikaikunja futi kamba. Babu alikuwa ananitazama kutoka kwenye mwembe, na hakusema neno.

Jumamosi iliyofuata alikuwapo mtu wa Lushoto. Land Rover yake hupandisha mbolea na kushusha viazi na kabeji, na difu ya nyuma ilikuwa imekatika meno akiwa na mzigo mlimani. Alikuwa ameshafungua difu ya ile chesisi na amechuchumaa mbele yake, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, anahesabu meno kwa sauti ya chini kama anayesoma tasbihi. Arobaini na saba kwenye gurudumu kubwa. Kumi kwenye pinioni. Zilezile za kwake. Aliziangalia kwa tochi, jino kwa jino, na hapakuwa na hata moja lililomeguka.

Tajiri akatokea ofisini. Aliiangalia chesisi, akamwangalia yule mtu, akaniona mimi.

"Mwalimu, hii gari gani?"

"Land Rover."

"Hiyo naijua. Ya mwaka gani?"

Babu alikuwa ameacha kupiga tupa.

"Ya zamani," nikasema.

Tajiri akasubiri kidogo kuona kama nina la kuongeza, halafu akamgeukia mtu wa Lushoto wakaanza kupatana bei.